Sura ya Tano: Bega la Kulia

Binti mmoja aliyesomea ubunifu wa mavazi alikuja kwangu Jumamosi moja, wiki tatu baada ya mahafali yake, folda kubwa ya michoro ikiwa kwapani. Michoro ilikuwa mizuri kweli: magauni ya jioni yenye mikia, makoti ya kitenge yenye kola zilizosimama, suruali pana zinazofagia sakafu. Kila mwili uliochorwa mle ulikuwa mrefu, mwembamba, na hauna uso.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti.”

Aliketi ukingoni mwa kiti. Swali lake lilikuwa moja: kazi iko wapi? Alisoma miaka mitatu, akafaulu vizuri, na wazazi wake waliuza kiwanja ili walipe ada. Sasa kila anakobisha hodi anaambiwa wanatafuta mtu wa kushona, mbunifu hahitajiki.

Sikutaka kumjibu kwa maneno. Tulipanda daladala hadi Magomeni, jijini Dar es Salaam, kwenye kibaraza cha fundi ninayemfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Fundi huyu hakupita chuo chochote. Alijifunza kwa mjomba wake, akianza kwa kufagia vipande na kupuliza pasi ya mkaa. Siku ile alikuwa na mteja, mama wa makamo anayeuza samaki, amekuja na kitenge cha sare ya harusi ya mpwa wake. Nilimwomba fundi amwachie binti achukue vipimo.

Binti alitoa futi akapima bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mkono. Alipima haraka na kwa usafi, akaandika namba kwenye daftari kwa mpangilio aliofundishwa. Fundi akatazama daftari, kisha akamtazama mama.

“Umepima bega moja, binti yangu. Hebu mwambie mama asimame kama anavyosimama akiwa kwake.”

Mama akaacha kujikakamua, akashusha pumzi. Hapo sote tukaona. Bega la kulia lilikuwa chini ya la kushoto kwa karibu sentimita mbili. Ilikuwa kazi ya miaka mingi ya ndoo ya samaki iliyobebwa kwa mkono mmoja, kutoka soko la samaki la Feri hadi kituoni, alfajiri baada ya alfajiri. Gauni lililokatwa kwa namba za daftari lile lingelalia upande shingoni, lingejikunja mshazari chini ya kwapa la kulia, na mama angerudi nyumbani akiamini kwamba mwili wake ndio wenye kasoro.

Sura hii inahusu bega lile. Wasomaji wengi huniuliza wavae nini wapendeze. Wahitimu wa ubunifu wa mavazi huniuliza wataishije kwa elimu yao. Naamini maswali haya mawili yana jibu moja, nalo liko pale kibarazani, kwa mtu mmoja aliyesimama kama alivyo mbele ya mtu mmoja mwenye futi anayemtazama kwa makini.

Kuvishwa na kujivika

Watu wa pwani wameijua kwa muda mrefu tofauti ya kuvishwa na kujivika. Zanzibar ya karne ya kumi na tisa, nguo ilitaja cheo cha mtu kabla hajafungua mdomo. Watumwa walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa kwa meli kutoka Marekani, au kaniki, iliyotiwa rangi nzito ya nili. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliziacha nguo hizo wakachukua kanga zenye rangi na maua, na baadaye buibui. Mtu aliyekuwa akivishwa alianza kujivika. Sijui maelezo bora kuliko hayo ya maana ya kuwa na mtindo wako mwenyewe.

Itazame kanga yenyewe. Ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa karibu na ukingo wa chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili, wala haikatwi kwa kipimo cha mtu. Inamkaa kila mtu kwa sababu kila mtu anajifunga kwa mkono wake: juu ya kifua jikoni, kiunoni shambani, kichwani na mabegani msibani. Mnunuzi husoma jina kabla ya kutazama maua, kwa kuwa maneno yale yatasema kwa niaba yake mbele ya jirani, mkwe au mume. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambaye kanga zake hujulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”, limekuwa likihudumia uchaguzi huo tangu karne ya kumi na tisa.

Tumepitia pia nyakati ambazo wengine walituchagulia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku Dar es Salaam. Walioipanga walisema wanalinda utamaduni. Walioumia zaidi walikuwa wasichana waliozuiwa njiani na kudhalilishwa mbele za watu. Nalitaja hili kwa sababu ushauri wa mavazi hugeuka amri kwa urahisi sana. Ushauri ninaoutoa hapa chini ni wa kukusaidia ujitazame. Uamuzi ubaki kwako.

Anza na nguo tano

Fungua kabati lako utoe nguo tano unazozivaa mara nyingi kuliko zote, hata kama zimechakaa. Acha zile unazozipenda kwa macho tu. Zitandaze kitandani uzikague moja moja: shingo yake ikoje, inaishia wapi, kitambaa chake ni kipi, unafanya nini ukiwa umeivaa. Mara nyingi utakuta tatu kati ya hizo zinafanana kwa jambo ambalo hukuwahi kulitamka. Pengine zote zina mifuko, au zote zinaishia chini kidogo ya goti, au zote ni pamba. Hapo ndipo mtindo wako ulipo tayari. Liandike jambo hilo na uende nalo dukani au kwa fundi.

La pili ni bega. Unaponunua nguo iliyokwisha kushonwa, iwe mpya au mtumba, mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Kiuno kinaweza kupunguzwa, pindo likapandishwa, mkono ukafupishwa, na gharama yake ni ndogo. Bega ni kazi nyingine kabisa: fundi lazima afumue mkono, akate upya, arudishie, na mara nyingi kola nayo huharibika. Bega likikupwaya, irudishe hiyo nguo hata ikiwa nzuri namna gani.

La tatu ni kitambaa. Kwenye joto la Dar au Mombasa, gauni la poliesta litakufanya utoke jasho kabla hujafika kituoni. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunukia kama karatasi, na huacha jivu jepesi. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kitenge cha nta halisi utakitambua kwa kukigeuza, maana rangi zake hukolea sawasawa pande zote mbili. Kama ni pamba, kiloweke na kukianika kabla ya kukatwa, kwa sababu kikisinyaa baada ya kushonwa hakuna atakayekirudishia ule urefu.

La nne ni rangi. Taa za madukani hudanganya. Omba ruhusa utoke na kitambaa hadi mlangoni, ukiweke chini ya kidevu kwenye mwanga wa mchana, na umwombe mtu anayekupenda akutazame uso. Akikisifu kitambaa, kirudishe. Akisema umependeza, kichukue.

La mwisho ni mwendo. Ukijaribu nguo, usisimame tu mbele ya kioo ukiwa umebana pumzi. Keti. Inama kama unayeokota kitu. Kisha inua mkono juu kana kwamba umeshika bomba la daladala iliyojaa. Gauni likipanda lote pamoja na mkono, kwapa limekatwa chini mno au mgongo umebana. Nguo inayokulazimisha usimame kama sanamu ilikatwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Mhitimu na soko lililojaa

Turudi kwa binti na folda yake. Malalamiko yake yana msingi. Vyuo vingi vinafundisha mavazi siku hizi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina kozi za ubunifu na ushonaji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ubunifu na teknolojia ya nguo, na Kenya ina vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na Evelyn College of Design. Wahitimu hao wanaingia kwenye soko ambalo tayari lina nguo, tena nyingi.

Mitumba ilikuwa imezuiwa Tanzania enzi za Mwalimu Nyerere, na ikamiminika baada ya milango ya biashara kufunguliwa katika miaka ya Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo na ikashikilia msimamo. Nchi nyingine zilirudi nyuma baada ya Marekani kutishia kuzinyima nafasi za AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, na mwaka 2018 nguo za Rwanda kweli zilinyimwa nafasi hizo. Wakati huohuo, pamba ya Simiyu na Shinyanga huondoka kwa sehemu kubwa ikiwa haijasokotwa wala kufumwa. Vijana wa mjini wakimwona mtu aliyependeza husema katupia pamba. Pamba yenyewe imeshapanda meli, na viwanda kama Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, vimepoteza nguvu vilizokuwa nazo.

Mhitimu asiyeyajua haya atadhani amefeli yeye. Mimi huwaambia wanangu hawa kwamba robota la mtumba lina kila kitu isipokuwa bega la yule mama. Nguo zile zilikatwa kwa miili ya watu wa mbali. Hapo katikati, kati ya nguo na mwili, ndipo penye kazi, na njia za kuifikia naziona nne.

Ya kwanza ni sare. Harusi, sendofu, kicheni pati, kikoba, kwaya: kamati inakaa, inachagua kitambaa kimoja, na wanawake arobaini wanaagizwa mshono mmoja. Mwenye umri wa miaka ishirini na bibi wa sabini wanavaa gauni lilelile la kubana, na nusu yao wanakaa ukumbini wakijivuta nguo usiku kucha. Mhitimu aende kwenye kamati hiyo na mishono mitatu ya kitambaa kile kile: mmoja wa wanaonyonyesha wenye ufunguzi mbele, mmoja wa wazee wenye mkono na nafasi tumboni, mmoja wa wasichana. Huo ni ubunifu mgumu kuliko gauni la jukwaani, na wateja wake wamekwisha kuchangishana pesa.

Ya pili ni mtumba wenyewe. Kampala, Bobby Kolade, aliyesomea Berlin na kufanya kazi kwenye nyumba kubwa za mitindo za Ulaya, alianzisha Buzigahill, na mwaka 2022 akatoa mavazi yaliyoshonwa upya kutokana na mitumba, akiyaita “Return to Sender”, yaani yarudi kwa aliyeyatuma. Yeye huyauza hadi ng'ambo. Huhitaji kufika huko ili upate riziki. Kaa karibu na soko la Ilala au Manzese, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, na uwe yule anayejua kuigeuza suruali ya mwanamume wa futi sita iwe sketi nzuri ya karani wa benki. Hakuna aibu katika kazi hiyo. Anayefumua mishono ya wengine kila siku hujifunza siri za viwanda ambavyo hatawahi kuvikanyaga.

Ya tatu ni kiwanda. Viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, na kwingineko vilikua chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Mle ndani anahitajika mtu anayejua kuichukua patani moja na kuitoa katika saizi tano bila kuharibu umbo, au kukagua mishono elfu na kuona ule mmoja uliopinda. Mshahara si wa kutisha, lakini nidhamu ya pale humfuata mtu maisha yake yote.

Ya nne ni jina lako mwenyewe. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, imewafungulia jukwaa wabunifu wengi chipukizi. Nenda ukionyeshe ulichonacho, ila ujue kwamba makofi ya usiku mmoja hayalipi kodi ya chumba. Nairobi, Ann McCreath alianzisha KikoRomeo mwaka 1996, jina lililotokana na kikoromeo cha kooni. Kazi hiyo imedumu hata binti yake, Iona, akaishika, kwa sababu watu walirudi kununua tena. Ukiamua njia hii ukiwa Tanzania, sajili mapema jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na michoro yako ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ulizia pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hutolewa kwa vikundi. Wahitimu watano wenye cherehani mbili wanatosha kuwa kikundi.

Bahasha ya kaki

Nimewaona vijana wenye vipaji wakifunga chumba cha kazi kwa sababu hawakuwahi kukaa na kalamu wakapiga hesabu ya gauni moja. Tufanye hapa kwa mfano. Tuseme kitambaa na bitana ni shilingi 28,000. Zipu, uzi na vifungo 4,000. Umeme na nauli ya kwenda kwenye maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Kongo na kurudi 3,000. Jumla 35,000. Unaliuza kwa 50,000, na moyoni unaona umepata 15,000. Sasa hesabu saa: kupima, kuchora patani, kukata, kushona, kujaribisha, kurekebisha. Zikifika 9, umejilipa chini ya shilingi 1,700 kwa saa, na hujagusa kodi wala matengenezo ya cherehani.

Mteja wa gauni hilo akirudi mwezi ujao, mambo yanabadilika. Vipimo unavyo, patani ipo, makosa ya mara ya kwanza ulishayasahihisha. Kazi inakwisha kwa saa 5, na 15,000 ile ile imekuwa 3,000 kwa saa. Faida ya mbunifu mdogo imekaa kwa mteja anayerudi. Kwa hiyo kila mteja awe na bahasha yake ya karatasi ya kaki. Ndani yake weka patani, vipimo vya pande zote mbili za mwili, tarehe, na maneno machache: anapanda daladala, ananyonyesha, hapendi mikono yake ionekane, bega la kulia liko chini. Na siku uliyomwahidi iandike juu ya bahasha kwa wino mwekundu. “Njoo kesho” imewafukuza wateja wengi kuliko mitumba.

Wewe msomaji nawe una sehemu yako. Kitambaa kimoja kati ya vile ulivyovifungia kabatini kipeleke kwa mhitimu wa mtaani kwako. Fika mapema, wiki tatu kabla ya shughuli na siyo siku tatu. Mpelekee ile nguo unayoivaa mara nyingi kuliko zote aione. Simama kama unavyosimama nyumbani. Kubali kurudi kujaribisha kabla pindo halijashonwa, na bei ya haki ilipe bila kumkumbusha kwamba dukani kuna rahisi zaidi.

Lile gauni la sare la mama muuza samaki lilishonwa na binti mwenyewe, fundi akiwa pembeni. Alishusha mshono wa bega la kulia, akaweka sponji nyembamba ndani yake, na maua ya kitenge akayapanga yakutane katikati ya kifua. Siku ya kujaribisha nilikuwepo. Mama alilivaa nyuma ya pazia, akatoka, akaketi kwenye benchi, akasimama. Binti akamwambia, “Mama, naomba uinue mkono kama uko kwenye daladala.” Mkono ukapanda. Kiuno kikabaki mahali pake.

Mama alijitazama kwa muda mrefu kwenye kioo cha fundi kilichopasuka pembeni. Hakusema lolote juu ya gauni. Alipitisha kiganja juu ya bega la kulia, akalibonyeza kidogo, kisha akauliza, “Mwanangu, nina kitenge kingine nyumbani. Jumatano utakuwepo?”

Binti akachukua bahasha ya kaki, akaandika jina la mama kwa herufi kubwa, na chini yake kwa wino mwekundu: Jumatano.